Bibi Mwenye Ufagio ni Lazima

Profesa hakuwahi kufundisha hata kuku. Jina hilo alijipa mwenyewe, na mtu akijipa jina kwa sauti kubwa ya kutosha, watu huliheshimu. Asubuhi hiyo alipanda ngazi za duka la fotokopi kwenda kutoa nakala tano za barua ya sifa. Barua ilimsifu yeye. Aliyeiandika pia alikuwa yeye, na kwa haki ya Mungu hakujinyima kitu.

Mwenye duka, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fotokopi, alikuwa akiilisha mashine karatasi. Nyuma yake, kwenye meza ndefu ya kukatia karatasi, kinyozi wa chumba cha chini na mwalimu wa hesabu walikuwa wanacheza karata. Hazikuwa karata zile za mfalme na malkia. Hizi zilikuwa na picha za majoka, mashujaa na wanyama, namba pembeni, na chini ya picha mistari mitatu ya maandishi ya kigeni, kama nyayo za kuku aliyelewa. Zilikuja mjini ndani ya robota la mitumba, katoni kwa katoni katikati ya midoli iliyovunjika, na watu wakagawana. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi, walijitungia mchezo wao: kila mtu anapanga pakiti yake ya karata arobaini, mnateremsha mezani moja moja kwa zamu, namba kubwa inakula ndogo, na pakiti zikiisha, mwenye karata iliyobaki mezani ndiye mshindi.

Kinyozi akateremsha joka lenye kingo za fedha. Profesa akasahau barua yake.

Ndani ya simu yake kulikuwa na tangazo la mkusanyaji mmoja: ananunua majoka ya kingo za fedha, yote kumi na mawili kwa pamoja, pungufu hataki. Bei yake ilitosha kiwanja na nyumba juu yake. Profesa alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hajawahi kulala chumba kimoja miaka miwili mfululizo, kwa sababu kila mji alilazimika kuuhama kabla watu hawajaanza kulinganisha hadithi. Alikuwa amechoka, jamani. Tapeli naye hutamani mlango wake mwenyewe na mahali pa kuning'iniza koti.

"Samahani," alisema, huku akikunja uso kama daktari. "Mnachezaje bila kusoma maandishi?"

"Wewe unayasoma?" kinyozi aliuliza.

"Nilisomea huko."

"Huko wapi?"

"Huko huko," alisema Profesa, na kinyozi akainamisha kichwa kwa heshima. "Ila leo sina miwani. Nitarudi keshokutwa, Jumatano."

Hizo siku mbili hakuzitumia kutafuta miwani. Alikwenda kwa muuza mitumba akamwomba karata zote za Bibi Mwenye Ufagio. Huyu Bibi alikuwa na namba moja, ndogo kuliko karibu zote, na wachezaji walimweka chini ya miguu ya meza inayoyumba. Muuza mitumba alimpa mfuko mzima bure, akamshukuru kwa kumpunguzia takataka.

Jumatano Profesa alirudi na miwani ya kuazima iliyomfanya aone watu wawili wawili. Akaketi, akasoma. Alisoma vizuri ajabu, kwa vituo, na mahali pengine akirudia neno kama anayelipima. Joka, akasema, halina maneno ya maana, ni sifa tupu. Paa wa moto huruka zamu moja. Mama Fotokopi alisimama pembeni na kalamu ya wino mzito, akiandika kila asemalo. Huyu mama hakuamini kitu kisicho na nakala. Kila karata iliyosomwa aliiandikia karatasi, akaikuza kwenye mashine, akaibandika ukutani.

"Na huyu, mwanangu?" aliuliza, akimwonyesha ng'ombe aliyelala, namba sifuri.

Profesa alikuwa na haraka ya kumfikia Bibi. "Huyo? Hafanyi chochote wala hafanywi chochote," alisema, na sentensi ikampendeza mwenyewe. "Mama, mtupe huyo."

Mama akaandika, akakuza, akabandika.

Ndipo Profesa akamwinua Bibi Mwenye Ufagio, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jamani. Hii mlikuwa mnaiweka wapi?"

"Chini ya meza," mwalimu alisema.

"Chini ya meza! Sikilizeni. 'Bibi akiingia, kila kilicho mezani kinafagiwa, kikubwa kwa kidogo, naye akaenda zake.' Kila kilichopo! Hii ndiyo karata ya lazima. Pakiti isiyo na Bibi watatu si pakiti, ni mzigo wa karatasi."

Mwalimu alipinga. Yeye alipinga kila kitu isipokuwa jedwali la kuzidisha. "Hakuna karata ya lazima. Ukitoa moja kati ya arobaini, zinabaki thelathini na tisa. Nyumba haianguki kwa kutoa kiti kimoja."

"Toa mlango basi, tuone utaingilia wapi."

"Nitapita dirishani."

"Mwalimu mzima, na suruali yako hiyo?"

Watu wakacheka, na hoja iliyochekewa mara nyingi hupita bila kupimwa. Kinyozi alikuwa ameshawishika zamani. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alisema, "na mimi nywele nazijua. Profesa, hawa Bibi watapatikana wapi?"

Kwa bahati Profesa alikuwa nao wachache. Fedha hakutaka, rafiki hauziwi. Angebadilishana tu: joka moja lisilo na maneno ya maana, kwa Bibi watatu.

Na hapa kuna jambo la kumsikitisha tapeli anayeipenda kazi yake: uongo ulifanya kazi. Kwa kuwa wote waliamini Bibi anafagia, Bibi alifagia kweli. Aliye naye alishinda, asiye naye alikwenda nyumbani akigombana na mlango. Jumamosi ya pili mwalimu mwenyewe alikuja na joka lake ndani ya bahasha, akaliweka mezani bila kumtazama mtu usoni. Hata Mama alitoa kalamu kumi na kuchukua Bibi watatu, "nisiachwe nyuma na dunia." Wiki tatu hazijaisha, Profesa alikuwa na majoka kumi na moja, na mkusanyaji ameahidi kufika Jumamosi saa sita mchana, hapo hapo dukani.

Likabaki moja. Lilikuwa la Mama Fotokopi, limesimamishwa juu ya mashine.

"Bibi watano, mama," Profesa alisema Jumamosi hiyo saa nne.

"Wa nini? Ninao watatu, na ulisema watatu wanatosha."

"Basi kumi. Na nitakusomea karata zote zilizobaki bure."

"Mwanangu, joka si ulisema halina maana? Mbona jasho linakutoka?"

Wachezaji walikuwa wameshaanza kukusanyika, na wakageuka kutazama. Profesa akapangusa paji la uso. Ni yeye aliyewafundisha kwamba kuna karata mtu hawezi kuishi bila kuwa nayo, na sasa somo lilikuwa limemrudia mwenyewe.

"Siuzi," Mama alisema. "Lakini kucheza nacheza. Langu moja, kwa yako yote kumi na moja."

Profesa alikaribia kucheka. Sheria zote zilizokuwa ukutani zilitoka kinywani mwake. Katika pakiti yake kulikuwa na Bibi wanane. Yule mama alijua nini zaidi ya kubadilisha wino?

"Kwa sheria za ukutani?" aliuliza, kwa adabu.

"Kwa hizo hizo. Neno kwa neno. Na wewe ni mgeni, anza."

Wakacheza. Katika zamu ya tatu Mama aliteremsha ng'ombe aliyelala. Profesa akatabasamu, akateremsha Bibi. "Fagia!"

Mama akaondoa karata zake zote mezani isipokuwa ng'ombe.

"Na huyo, mama."

Mama alinyoosha kidole ukutani, na kinyozi akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: "Hafanyi chochote. Wala hafanywi chochote."

"Hafanywi," mwalimu alirudia, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu atoe joka lake. "Kufagiwa ni kufanywa. Kuliwa ni kufanywa. Halafu mtu aniambie tena kuhusu karata ya lazima!"

Profesa alifagia mara saba nyingine. Alifagia mpaka mkono ukamuuma, na ng'ombe amelala tu. Pakiti yake ikaisha huku mashujaa wake watatu wakubwa wamesimama mezani. Mama, aliyeanza wa pili, alikuwa bado na karata moja mkononi. Akaiteremsha polepole. Ilikuwa Bibi. Mashujaa wakafagiwa, na mezani akabaki ng'ombe peke yake.

"Haiwezekani!" Profesa aliruka. "Maandishi hayasemi hivyo!"

"Yanasemaje?" Mama aliuliza, akampa ng'ombe.

Profesa aliitazama ile mistari mitatu. Akaigeuza karata, akaigeuza tena. Aibu ilimshika mpaka masikioni. Akikana aliyosoma Jumatano, nani ataamini mengine? Akasukuma majoka kumi na moja ng'ambo ya meza.

Mama hakuyaweka mfukoni. Alimwita kila mtu achukue lake. Walikuwa bado wanayapokea mkusanyaji alipoingia, mtu mfupi mwenye mkoba wa ngozi, akatangaza bei yake mlangoni. Watu hawakubishana sana. Tangu Bibi apatikane, majoka yalikuwa hayana kazi, na Profesa mwenyewe ndiye aliyewaambia. Wakauza kila mtu lake, Mama naye lake, huku Profesa akiona kiwanja chake, nyumba yake na mlango wake vikigawanywa vipande kumi na viwili mbele ya macho yake.

Mkusanyaji alipomaliza aliinua kichwa, akauona ukuta. Akasoma karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mabega yakaanza kumtikisika. "Nani ametafsiri hizi?"

"Profesa wetu!" kinyozi alisema kwa fahari. "Alisomea huko."

"Mimi pia nimekaa huko, miaka kumi na mmoja, nikifungasha samaki." Akamgeukia Profesa, akamwambia sentensi ndefu kwa lugha ya zile karata.

Profesa akatabasamu, akaitikia kwa kichwa mara mbili, akaweka mkono kifuani. "Anasema amefurahi kutufahamu," aliwaambia wenzake.

"Nimemwambia," alisema mkusanyaji, "asitikisike, kuna nge kwenye kola yake."

Profesa aliruka, akajipiga shingo, akalivua koti, akalikung'uta, akalikanyaga. Hakukuwa na nge. Alipoinua macho, watu wote walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Alifika mlangoni kabla ya koti lake.

Juu, mkusanyaji alimwinua Bibi Mwenye Ufagio. "Jamani, hii wala si karata ya kuchezwa. Imeandikwa: 'Asante kwa kununua sabuni yetu. Nawa mikono kila...'"

"Kaka," Mama Fotokopi alimkatiza, "karibu kiti, karibu maji. Lakini usisome. Tuna mechi."

Profesa alikuwa ameshafika barabarani, koti mkononi. Dirisha la juu lilikuwa wazi. Alisikia karata zikichanganywa, akasikia kinyozi akipiga kelele "Fagia!", kisha mwalimu akabisha kwamba paa wa moto ameruka zamu, kwa hiyo hayupo mezani, kwa hiyo hafagiwi. Kinyozi akasema yupo. Mwalimu akasema hayupo. Sauti zikapanda.

Ilimchoma. Nyumba angeweza kuisahau, ameshasahau nyingi. Lakini mchezo ule ulikuwa wake, ameutoa kichwani neno kwa neno, na wale watu walikuwa wanauharibu. Alipiga hatua nne za kuondoka, akasimama, akarudi, akaweka mikono mdomoni.

"Paa anafagiwa!" alipaza sauti. "Ameruka zamu, hajaruka meza!"

Kichwa cha Mama Fotokopi kikatokeza dirishani, kikamtazama.

"Nani kakuuliza?" alisema, akafunga dirisha.