Magunia Manne ya Udongo Mweusi wa Hekaluni

Jumatatu, 1 Aprili

Joto. Nuanchan, mke wangu, katangaza wakati wa uji: tarehe 16, sikukuu za Mwaka Mpya wetu wa jadi zikiisha, fundi atakuja kumwaga saruji juu ya bustani yangu. Anataka mahali pa kufulia. Nilipinga kwa hoja tisa. Alisikiliza tatu. Mwishowe tukaafikiana: fundi akikuta mche hata mmoja wa pilipili ukiwa hai, bustani inabaki. "Mmoja tu, mzee. Na uwe na mizizi. Usinichomekee kijiti." Ninayo miche kumi na miwili. Sharti jepesi mno, hata niliona aibu kulikubali.

Jumanne, 2 Aprili

Nimepanda sita. Udongo wetu ni kifusi chekundu, uliletwa kwa malori mwaka tulipoinua kiwanja kukwepa mafuriko. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo niliupima kama inavyopasa. Chukua konzi yenye unyevu, ukamue, uuguse kwa kidole. Udongo mzuri humeguka. Wangu ulibaki na alama za vidole vyangu vyote vitano. Nilipanda hivyo hivyo. Mche wenye tabia njema hujitahidi.

Jirani, Bi Bualoi, alichungulia juu ya ua. "Mwalimu, unapanda pilipili au unafyatua matofali?"

Mwanamke asiye na cheti chochote.

Ijumaa, 5 Aprili

Yote sita imekufa. Haikujitahidi.

Nimenunua mfuko wa udongo wa majani yaliyooza kando ya barabara kuu. Juu mweusi, laini, unanukia msitu. Shubiri moja chini: makumbi ya nazi, kisha kifusi chekundu, ndugu kabisa wa kifusi changu. Nimelipa pesa kununua kiwanja changu mwenyewe. Anayenunua udongo afike na mkono wake mpaka chini ya mfuko. Hili nililijua. Nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Nimempa Bi Bualoi mche ulio dhaifu kuliko yote, ili apate cha kulinganisha. Imebaki mitano.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeuona! Nyuma ya hekalu, chini ya ule mti mkubwa unaokunja majani jioni. Majani ya miaka arobaini, yameoza taratibu, hakuna aliyeyagusa. Niliinama kama anayefunga kiatu (nilivaa ndala) na kukamua konzi. Ulimeguka kama keki.

Tatizo ni la kidini. Kitu cha hekalu hakitolewi. Hata vumbi linaloshika nyayo ni deni, ndiyo maana kila Mwaka Mpya tunapeleka mchanga hekaluni na kujenga ile minara midogo, kurudisha tulichobeba mwaka mzima bila kukusudia.

Nimelitafakari kama msomi. Kama deni hulipwa kwa udongo, basi anayepeleka magunia manne na kuondoka na magunia manne hana deni lolote. Desturi haikutaja rangi.

Jumatatu, 8 Aprili

Tumefaulu, mimi na toroli.

Saa kumi na mbili asubuhi watawa wetu wa Kibudha huzunguka kijijini kupokea chakula, na wanakijiji wote hupiga magoti mbele ya nyumba zao wakiwa na wali. Nuanchan pia. Hekalu tupu. Nilimwaga magunia manne ya kifusi kwenye lundo la mchanga wa sikukuu, nikayajaza mboji, na nilikuwa nafunga la nne niliposikia kikohozi. Mtawa Mkuu. Goti linamsumbua, siku hizi hazunguki.

Alitazama lundo lililoongezeka. Akasema kwamba wengine huleta kopo moja, tena wakipiga picha, nami nimeleta toroli zima kimyakimya. Akauliza na haya magunia mengine? Nikamjibu haya ni ya mahali pengine. Kweli tupu. Akanibariki. Magunia yalikuwa mazito zaidi wakati wa kurudi.

Alhamisi, 11 Aprili

Miche mitano imesimama kama askari. Bi Bualoi aliruka ua (ana miaka sitini na minane!) akachukua konzi, akanusa, akaokota humo kijiti cha ubani kilichoungua nusu.

"Mboji yako inasali, Mwalimu?"

Nilimweleza kuhusu umuhimu wa nyuzinyuzi katika udongo. Alicheka mpaka akarudi kwake kwa kupitia mlangoni.

Jumamosi, 13 Aprili

Mwaka Mpya. Kama desturi, watu wanamwagiana maji kila mahali: ndoo, mabomba, watoto. Minara ya mchanga iliyeyuka yote kabla ya adhuhuri, isipokuwa ile iliyochanganywa na kifusi changu. Hiyo ilisimama, myekundu, migumu. Ukiigonga inalia.

Mtawa Mkuu akashika kipaza sauti. Akaeleza alichokiona alfajiri ile. Akasema udongo wa Mwalimu Sanguan una baraka, na kwamba hekalu linahitaji kuinua njia ya kisimani kabla ya mvua. Keshokutwa watu waende kwake na pikapu, wachukue kadiri Mwalimu atakavyotoa.

Nilifungua mdomo. Watu mia mbili wakaunganisha viganja wakainama. Nuanchan alinitazama jinsi alivyonitazama mwaka tuliooana. Nikafunga mdomo.

Jumatatu, 15 Aprili

Walikuja arobaini, na mabeleshi. Niliwaonyesha pembe ya kiwanja. Waliimaliza wakinywa chai. Nikasema hapo kwenye miche pana udongo wa namna nyingine, si wa kujengea. Wakasimama kuutazama. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, Mwalimu anatoa mpaka ule mweusi!" Wakashangilia. Ningewaambiaje umetoka wapi?

Wameupeleka hekaluni pamoja na miche. Kwa heshima yangu wameipanda humo humo, chini ya ule mti mkubwa.

Magunia manne, kwa makadirio yangu. Deni limelipwa mara mbili. Nina shimo la kufika magotini.

Jumanne, 16 Aprili

Fundi kafika saa mbili. Kapima kina cha shimo kwa futi yake, mara mbili.

Nuanchan akauliza mche uko wapi. Wakati huohuo Bi Bualoi akapita na kopo, ndani yake ule mche dhaifu, una maua saba. Nikasema ni wangu. Nuanchan akasema, "Una mizizi kwake."

Fundi ndiye aliyeniokoa. Saruji haimwagwi juu ya shimo, lazima lijazwe kifusi kwanza, na malori ya kifusi hayapatikani mpaka mvua zipite. Novemba. Nuanchan alifumba macho. "Novemba, mzee. Mche mmoja. Hai."

Bi Bualoi alijitolea kunifundisha udongo wake: majani makavu, maganda ya jikoni, samadi iliyokaa, unageuza, unasubiri. Msimu mmoja tu. Nilimshukuru. Msimu ni muda mrefu kwa mtu aliyesoma.

Jioni nilipita hekaluni kuangalia miche yangu. Inastawi. Nikaona bwawa la yungiyungi limekauka kwa kiangazi, na chini yake kuna tope jeusi ambalo sijawahi kuliona mfano wake. Nimekamua konzi. Nimekadiria ndoo ishirini.

Bado nina kifusi kwenye kuta za shimo. Watawa hutoka saa kumi na mbili. Nimeuliza hali ya goti la Mtawa Mkuu: linaendelea vizuri, Ijumaa atazunguka.