Nilivyoifuta Shajara ya Mashine

Jumatatu, 12 Oktoba 1998
Nimeamka nikimwaza Bernadeta. Tena! Anachapa nyimbo za bibi yake wa Bujora hapa ofisini kwetu Igogo, na kila akihifadhi wimbo kompyuta inamchelewesha. Anapiga miayo. Pius, fundi mwenzangu, anamletea chai. Sasa basi! Nimeichimba programu inayotunza mafaili. Kumbe kabla ya kubadilisha chochote, mashine huandika kwanza shajara yake kwenye diski, kila inachotaka kufanya. Ndiyo maana inajikokota. Naifuta! Majina ya mafaili yatakaa kwenye kumbukumbu ya muda, mepesi kama ukungu wa ziwani.

Jumanne, 13 Oktoba
Nimeiandika upya programu. Pius akauliza umeme ukikatika majina yatakwenda wapi. Wivu mtupu. Nikamwambia aangalie chai yake.
Bernadeta akabonyeza. Wimbo ukahifadhiwa kabla hajainua kidole! Akanitazama. "Masalu, umefanya nini humu?"
Nimeelea mpaka nyumbani. Njia niliyopita siikumbuki. Ziwa jeupe, magugu maji yanasafiri polepole, utadhani nayo yamesifiwa.

Jumatano, 14 Oktoba
Umeme umekatika. Mchana kweupe! Uliporudi, kumbukumbu ya muda imefutika yote; nyimbo zimebaki vipandevipande, hazina majina. Bernadeta hakulia, heri angelia. Alisema tu kwamba bibi sauti imemwisha, haimbi tena. Mama Rozina, mwenye ofisi, akaniuliza kazi yangu hapa ni nini hasa.

Alhamisi, 15 Oktoba
Pius kashinda akiokota vipande kwenye diski. Bibi kaletwa. Shikamoo, bibi! Marahaba. Bernadeta akawa anamsomea. Bibi kafumba macho, anataja jina la kila wimbo, na uliokatika anaumalizia kwa kunong'ona. Ofisi nzima kama tumelala tukiota ndoto moja. Wimbo mmoja wa kulima haukupatikana. Midomo yake ikautafuta, ikautafuta. Akasema basi, huo umekwenda. Nikatoka nje kidogo.

Ijumaa, 16 Oktoba
Bernadeta na Pius wamekwenda kula sato. Pamoja! Mama Rozina kaamuru nirudishe shajara ya mashine leo hii. Nimerudisha. Ila diski ni nzito mno, kwa hiyo shajara yenyewe nimeiweka kwenye kumbukumbu ya muda. Kasi yake sasa! Bernadeta atashangaa.