Jiwe Langu la Kunyonya Sumu

Jumanne, 11 Juni

Nereah kaniambia wazi kwamba haolewi na mtu ambaye kazi yake haieleweki. Haieleweki! Mimi Lenox, muuza jiwe la nyoka pekee soko zima la Busia! Ni mfupa wa ng'ombe, nimeuchoma mwenyewe hadi ukawa mweusi tii. Ukiumwa na nyoka unaliweka hilo jiwe jeraha­ni, linanata, linanyonya sumu. Lakini macho ya Nereah yako kwa Oketcho wa Rubongi, muuza gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Anawadanganya wakulima eti ukivaa gambuti nyoka hakupati. Mharibifu! Asiyeumwa atanunua jiwe la nini?

Alhamisi, 13 Juni

Wazo! Jumamosi nitaumwa na nge hadharani, Nereah akiona. Jiwe litanyonya, nitasimama imara, harusi. Nimevuka mpaka hadi Tororo, Uganda, nikafunua mawe, nikapata nge mweusi mwenye mkia mnene. Nikamtia kwenye kopo. Nikirudi, mpakani afisa kauliza nimebeba nini. Nikasema kitoweo. Akafungua, akaruka nyuma. "Nyinyi Wakenya nakula kitu hii?" Nimepita bila kukaguliwa zaidi.

Jumamosi, 15 Juni

Mama yangu! Kidole kimoja tu, lakini moto ulipanda hadi kwapani. Jiwe lilinata, watu wakapiga makofi. Kisha ulimi ukafa ganzi. Mate yakanitoka, jasho likatiririka, moyo ukaenda mbio, miguu ikaanza kucheza yenyewe. Watu wakadhani ndilo onyesho. Bibi mmoja akanitunza noti ya hamsini kwenye paji la uso! Nilitaka kumwambia Nereah nampenda, nikatoa povu. Akalia. Aliyenibeba mgongoni hadi zahanati ni Oketcho. Aibu gani hii!

Jumapili, 16 Juni

Sista Awor, muuguzi wa zahanati, kasema jiwe halinyonyi kitu, linanatishwa na damu tu. Kasema sumu ya nge huiwasha mishipa ya fahamu ikakataa kuzimika, ndiyo maana nilicheza. Ya nyoka fira huizima: kope zinaanguka, kisha pumzi inakatika. Nereah kaja na uji. Kasema nikiacha upuuzi huu, atanifikiria. Nimeapa kwa Biblia yake. Nilimaanisha kabisa.

Jumatatu, 17 Juni

Jiwe nimelitupa chooni. Ahadi ni deni.

Lakini nge huwasha. Fira huzima. Moja itaifuta nyingine, na hakuna aliyewahi kufikiria kuwatumia pamoja! Etyang wa Paya, mkamata nyoka, ana fira kwenye mtungi, atamleta Jumamosi. Nereah hajui bado, nataka afurahi ghafla. Oketcho nimemwomba asimame karibu. Mgongo wake ni mzuri sana.