Tundu la Kati

Jumatatu, 7 Juni 1999

Asheri kaleta kompyuta. Kitinda mimba wangu, miaka thelathini na nane, fundi redio hapa Same mjini. Sasa sebule yangu ina mashine iliyochoka kuliko mimi. Mtumba wa Arusha. Zamani tulipanga foleni tupate kipande cha sabuni. Siku hizi kila kitu kipo, hata visivyotakiwa na mtu.

Kazi yenyewe ni kurekodi wimbo wa ndiva. Ndiva ni bwawa letu kule Chome. Tulikuwa tunalitoa tope kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, na wimbo ndio uliosukuma majembe. Tuliobaki tunaoujua ni wawili. Koleta, mwenzangu wa tangu usichana, anaanzisha, mimi naitikia. Miaka hamsini anaanzisha yeye! Sauti kama mlango wa zizi. Nilipotaka kuanzisha mimi, niligundua maneno ya kuanzisha siyajui. Hilo sijamwambia mtu.

Jumatano anahamia Morogoro kwa binti yake Veneranda. Macho yamekwisha, hawezi tena kukaa peke yake. Lakini kasema hapandi basi mpaka wimbo uwe umerekodiwa.

Nikamjibu aende tu. Nani kamshika?

Jumanne, 8 Juni

Asheri kaazima miksa ya kwaya. Sahani ya chuma yenye vifundo vingi, njia nane. Kaeleza sana. Kila maiki ina njia yake, zote zinakutana mle ndani, zinatoka kwa waya mmoja kwenda kwenye kompyuta. Nyuma ya kompyuta kuna matundu matatu yamepangana, alama zimefutika. Kachomeka la pembeni. Tukaimba.

Alipoturudishia sauti zetu, tulikuwa nyuki ndani ya debe. Koleta akasema huyo nyuki mnene ni mimi.

Asheri kazungusha vifundo, kapuliza vumbi, kabadili waya. Nyuki walewale. Halafu umeme ukakatika. Koleta akasema basi, ataondoka Ijumaa.

Nimempikia makande. Si kwa furaha. Maharage yalikuwa yamezidi.

Jumatano, 9 Juni

Umeme hakuna. Koleta kakaa uani kwangu kutwa nzima, ananikosoa namna ya kupepeta mahindi ambayo hata hayaoni. Siku nzuri. Yaani, hali ya hewa.

Usiku nimepata wazo. Mashine ikikataa, basi la Morogoro halipandwi.

Alhamisi, 10 Juni

Umeme umerudi. Asheri kapunguza kifundo kikubwa mpaka karibu na mwisho, nyuki wamepungua. Kasema leo tunamaliza. Kaenda kunawa. Koleta kakaa kwenye kiti, kaelekeza uso ukutani, haoni kitu. Nikapiga magoti, nikachomoa waya wa maiki yake nyuma ya miksa. Kazi safi!

Tukaimba. Alipoturudishia, ikasikika sauti yangu tu, ikiitikia hewa. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa kama mwendawazimu anayekubaliana na ukuta.

Asheri kafungua miksa nzima, katoa jasho, kasema njia ya pili imekufa. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Koleta kasogeza safari mpaka Jumapili. Katabasamu. Sijui anatabasamu nini mtu mwenye safari iliyokwama.

Ijumaa, 11 Juni

Asheri kaona waya umechomoka. Kaniangalia. Nikamwambia panya wa mjini hawana adabu.

Basi leo nikaenda kwenye mzizi. Alipotoka kumpokea Koleta mlangoni, nikauchomoa ule waya mmoja, wenye sauti zote, nikaupachika tundu la kati. Tundu baya, nililichagua mwenyewe.

Tukaimba mpaka mwisho, maana Koleta akianzisha huwezi kunyamaza, mdomo unakwenda wenyewe. Asheri akaturudishia.

Nyuki hakuna. Hata mmoja! Sauti kavu, safi, kama tumesimama kwenye tope lile, tuna miaka kumi na minane. Asheri kaenda nyuma ya kompyuta, kaona waya ulipo, kapiga kelele kwamba siku tatu alikuwa anachomeka tundu la maiki, na miksa ilitaka la kati. Akauliza nani kauhamisha. Koleta akanipa hongera. Nikasema asante. Nilitaka kulia.

Nikamuuliza Asheri pembeni kama anaweza kumpunguza Koleta baadaye, nibaki mimi. Kasema hawezi. Zimeingia kwa waya mmoja, ni kama sukari kwenye chai.

Jumapili, 13 Juni

Jana Sabato, tulikaa kanisani benchi moja. Leo nimemsindikiza stendi. Nimemgombeza kwa kubeba mizigo mingi, kisha nikamwongezea tangawizi. Basi limeondoka. Kapunga mkono upande ambao sikuwepo.

Jumatatu, 14 Juni

Asheri kanipigia wimbo. Mwishoni ukimya, kisha sauti ya Koleta tena. Kumbe Ijumaa tulipomaliza kuimba, kabla Asheri hajaturudishia, mimi nilitoka kutazama chai, na mashine ilikuwa haijazimwa. Anasema:

"Asheri mwanangu, usimgombeze mama yako kwa ule waya. Macho yangu yamekwisha, masikio bado. Nilimsikia anapiga magoti, yale magoti yanalia kama kitanda cha kamba. Nikanyamaza. Na mimi nilizitaka hizo siku. Eliaichi hajui kumwambia mtu kaa."

Tangu mume wangu afe hakuna aliyeniita Eliaichi.

Nimeusikiliza mara nne. Makande nimepika ya watu wawili kwa kusahau. Halafu nimechukua kalamu nimeandika barua Morogoro, Veneranda atamsomea. Nimesema kompyuta imemeza wimbo wote, hakijabaki hata kipande, kwa hiyo inambidi arudi tuimbe upya. Nimesema safari hii naanzisha mimi.

Asheri nimemkataza asifungue mdomo. Koleta hawezi kugundua. Macho yake yamekwisha.