Mikono ya Msomi Si Vigingi vya Uzi

Pasiansi, Mwanza,
Jumapili, 13 Machi 1994.

Kwa Shemeji Machibya,
Afisa Mifugo (aliye masomoni),
Morogoro.

Shikamoo Shemeji,

YAH: MATUMIZI YASIYO HALALI YA MIKONO YANGU MIWILI

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Sisi huku ni wazima, na yule ndama uliyemwacha akihara amepona, isipokuwa juzi alikula soksi. Nitaligusia.

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe mkuu wa nyumba hii, na kwa sababu ngazi zote za chini nimekwisha kuzimaliza. Nilianza kwa kumweleza dada Eugenia ana kwa ana. Aliniambia nisubiri amalize mstari mmoja. Hiyo ilikuwa Januari.

Niweke wazi kwamba sina ugomvi na dada yangu. Tangu Serikali ilipoacha kutupangia kazi sisi wahitimu na kutuambia tukajitafutie wenyewe, ni yeye aliyenipokea kwako, akanipa chumba, akanipa na chakula ambacho hakijawahi kupungua. Wala sipingi kufuma kama kufuma. Nimesoma historia ya viwanda vya nguo vya mabara matatu na ninaweza kuitetea sufu mbele ya jopo lolote. Ninachopinga ni jinsi jambo hili linavyoendeshwa hapa nyumbani. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuvishwa kwa vitu visivyosikia baridi.

Ulipoondoka Septemba, redio ilikuwa na kitambaa kimoja juu yake kama redio za watu wengine. Sasa ina gauni. Chupa ya chai ina koti, ndoo ya maji ya kunywa ina sketi, na juma lililopita nilipotaka kuhakikisha neno fulani, niliikuta kamusi yangu imevaa fulana. Nakuomba ukumbuke kwamba hapa ni Mwanza. Mawe yenyewe ya mji huu hayashikiki saa saba mchana. Mtoto wa mama Odeta, jirani yetu wa upande wa barabarani, alizaliwa mwezi wa kumi wakati jua liko utosini, akavishwa kofia, soksi na sweta kabla hajapewa jina. Mama Odeta, badala ya kulalamika, alisema: "Anatoka jasho, lakini ona alivyopendeza!" Kwa kauli kama hizo, Shemeji, uovu hupata wafuasi. Soksi aliyoila ndama ilikuwa ya mtoto huyohuyo.

2. Kuhesabu.

Dada huhesabu vitanzi kwa sauti. Mtu akizungumza naye huinua kidole kumzuia. Nilikuwa namfafanulia uhusiano uliopo kati ya masharti ya wakopeshaji na bei ya pamba, jambo linaloigusa familia ya mume wake moja kwa moja, nikawa nimefika mahali ambapo msikilizaji yeyote angeshika pumzi. Kidole kikainuka. "Hamsini na tisa, sitini, sitini na moja… Haya, ulikuwa unasema bei ya nini?" Hoja iliyokatwa katikati haiungiki tena. Nilijaribu kuanza upya. Alikuwa amefika mstari mwingine.

3. Malighafi.

Unafahamu kwamba hanunui uzi mpya. Kila Jumamosi asubuhi huenda kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, huchambua sweta za Ulaya, huzigeuza ndani nje na kuchungulia mishono yake kama wewe unavyofunua kope za ng'ombe. Sweta iliyokatwa kwa cherehani huitupa, kwa maana uzi wake hutoka vipande vipande. Ile iliyofumwa kwa ukingo mzima huinunua, huileta nyumbani, huikata mshono wa ubavuni na kuifumua yote. Yaani nchi nzima inaingia soko huria, watu wanafungua maduka hadi barazani mwao, naye ananunua sweta iliyokamilika ili aiharibu, atengeneze sweta nyingine, aigawe bure. Nilimwuliza faida iko wapi. Alinijibu: "Faida ni kwamba nikifuma sisikii unayosema."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyo ili uone mazingira ninamoishi.

4. Mikono yenyewe.

Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama nywele. Hivyo dada huufunga mafungu, huuloweka, kisha huuanika ukiwa umening'inizwa jiwe ili unyooke. Ukikauka, lazima apatikane mtu akae kitini, anyoshe mikono yake mbele, avishwe lile fungu kuanzia kiganja hadi kiganja, na mwingine akae mbele yake akiuvuta na kuukunja kuwa donge. Kazi hii ulikuwa ukiifanya wewe, Shemeji. Kabla hujaenda kozi ulinionyesha mabomba, dawa za ng'ombe na mahali pa kuficha ufunguo. Hili hukulitaja.

Sasa uzi ukikauka tu, nasikia: "Msomi, lete vigingi."

Mimi hujenga hoja kwa mikono. Mkono wa kulia hutoa hoja, wa kushoto hutoa pingamizi, na ikikutana katikati msikilizaji anajua tumefika kwenye hitimisho. Chuoni, mwaka wa pili, niliwahi kuunyamazisha ukumbi mzima kwa kidole kimoja. Leo mikono hiyohiyo inafungwa kwa sufu ya bibi fulani wa Ulaya ambaye hata hanijui. Nikiinua kidole, uzi unaruka. Nikishusha bega, uzi unachanganyika. Basi nanyamaza. Jumamosi ya jana nilinyamaza saa mbili na robo. Sijapata kunyamaza hivyo tangu nizaliwe.

5. Sabina.

Hapa ndipo penye kiini, na ningeomba ukae ukiwa unasoma.

Sabina ni mwalimu wa shule ya msingi, alisomea chuo cha ualimu Butimba, anakaa kwa baba yake Kiseke. Ninakusudia kumwoa. Niliposema "ninakusudia" nilikuwa na maana kwamba nina mpango kamili, wenye utangulizi, sababu na majibu ya pingamizi zinazoweza kutolewa. Mwezi wa kwanza nilimkaribisha kwa chai hapa nyumbani ili nianze na utangulizi. Alikaa kitini dakika nne. Katika dakika ya tano aliiona redio. "Jamani, dada Eugenia, hii umeifumaje hii?" Tangu siku hiyo ni mwanafunzi wa dada yangu. Anasema anataka kuwafundisha watoto kufuma katika somo la sayansikimu, nami siwezi kupinga elimu hadharani.

Kwa hiyo anakuja kila Jumamosi, na kwa kuwa yeye bado mgeni wa sindano, amepewa kazi ya kukunja madonge. Mikono inayovishwa uzi ni yangu. Tafakari hali hiyo, Shemeji. Yupo mbele yangu, magoti yetu karibu yanagusana, anavuta uzi polepole kutoka mikononi mwangu huku akizungumza: habari za darasa lake lenye wanafunzi tisini na wanne, habari za mama yake aliyefariki, habari za mtoto mmoja anayekuja shuleni na kiti chake kichwani na kurudi nacho jioni. Kwa kila jambo hapo mimi nina la kusema. Kuhusu wale tisini na wanne peke yao nina jibu lenye vipengele saba. Sijaweza kukitoa hata kimoja! Akiniangalia na kuuliza, "Wewe unaonaje, kaka Jovitus?" dada huwahi kujibu: "Usimwulize huyo, ataangusha uzi."

Na hilo neno "kaka" nalo nalilalamikia, ingawa si kosa la sufu.

6. Mkono wa Chenge.

Mtu mmoja aitwaye Chenge ni karani katika kiwanda cha minofu ya sangara. Ana pikipiki, ana sauti, na mikono yake ni huru. Yeye pia anamtaka Sabina, na nimesikia kwa watu wa kwaya kwamba Pasaka ikipita tu wazee wake watakwenda Kiseke kwa mzee Mhoja, baba yake Sabina, kuzungumza. Pasaka ni tarehe tatu Aprili. Mimi nina majuma matatu.

Jumamosi ya tarehe 26 Februari bwana huyo alipita hapa kumchukua Sabina kwa mazoezi ya kwaya. Kwa vile jua lilikuwa kali alivua sweta lake la kupandia pikipiki, akalitupia kwenye kiti. Kiti hicho ndicho dada anapowekea mitumba yake. Chenge akaanza kisa cha sangara wa kilo themanini. Dada, akimsikiliza kwa adabu zote, alinyosha mkono bila kutazama, akalichukua sweta, akaligeuza, akaukagua mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakata. Mimi niliona. Ningeweza kusema, lakini mimi si mtu wa kukatiza watu wanapozungumza. Sangara alipofikishwa ufukweni, mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa umekwisha kufumuliwa, na uzi wake umevishwa kwenye mikono yangu.

Chenge akautazama. "Dada, uzi huu wa kahawia mzuri kweli. Umeutoa wapi?"

Sabina alicheka hadi akakaa chini. Ilikuwa dakika bora kabisa ya mwaka huu, nami sikuweza hata kupiga makofi.

Lakini ona matokeo yake. Ilibidi Chenge aahidiwe mkono mpya, na kwa sababu ni somo zuri kwa anayejifunza, kazi alipewa Sabina. Kufuma mkono kunahitaji kupima mkono. Wanampima kuanzia begani hadi kifundoni. Kisha Jumamosi inayofuata wanampima tena, kana kwamba ni mtoto anayekua! Naye anakaa ameunyosha mkono wake, akieleza habari za sangara, mimi nimekaa pembeni nimenyosha yangu miwili nikiushikilia uzi wa sweta lake. Nakuuliza kama mwanasayansi: kuna mnyama yeyote katika elimu yenu anayefanyiwa hivi na mshindani wake?

Kwa kuzingatia maelezo hayo, naomba utoe maagizo yafuatayo kwa barua rasmi, na ikiwezekana kwa simu ya maandishi:

(a) Kwamba uzi uvishwe kwenye mgongo wa kiti. Kiti hakina shahada.

(b) Kwamba, kama (a) itakataliwa, mikono yangu ibinafsishwe, nikabidhiwe mimi mwenyewe, kwa kuwa nchi nzima sasa inakubali kwamba mali hutunzwa vizuri na mwenyewe.

(c) Kwamba Chenge arudishiwe sweta lake likiwa na mkono mmoja. Pikipiki yake haitaona tofauti.

(d) Kwamba Sabina asifundishwe kitu chochote kinachohitaji vipimo.

(e) Kwamba kufuma kusimamishwe katika nyumba hii hadi Pasaka. Na kwa sababu dada anaweza kuhamishia sindano zake kwa mama Odeta, kusimamishwe Pasiansi nzima. Na kwa sababu Sabina anakaa Kiseke, kusimamishwe na Kiseke. Huko mbele ya Kiseke wanaweza kuendelea. Mimi si mtu wa kukandamiza.

Ninaamini wewe, uliyezoea kumshika fahali pembe, hutashindwa na mwanamke mwenye sindano mbili. Usipoagiza, mimi Sabina nitampoteza bila kumwambia neno, na hiyo itakuwa aibu kwa kila aliyenifundisha kusema.

Wasalimie wanakozi wenzako wote, na mwenye nyumba uliyepanga kwake. Dada anakusalimia sana. Anauliza kama kiuno chako bado ni kilekile. Usimjibu haraka. Mama Odeta naye anakusalimia, pamoja na mtoto, ambaye bado anatoka jasho.

Wako katika ujenzi wa taifa, kwa sasa bila mikono,

Jovitus
(Shahada ya Kwanza, Sayansi ya Siasa)

Nakala: Dada Eugenia (haitapelekwa).

N.B. Jumatano, 16 Machi.

Barua hii ilikuwa bado mfukoni jana dada aliponituma Kiseke nimpelekee Sabina sindano alizozisahau. Sabina hakuwapo. Alikuwapo mzee Mhoja, ameketi nje. Nilipomwamkia alinitazama kuanzia viatu, akasema: "Marahaba. Wewe ndiye kijana wa Pasiansi? Yule anayekaa saa mbili nzima anamsikiliza mwanangu asimkatize hata neno?"

Akaniambia huyo mwenye pikipiki anamfahamu. Akija hapo anasimulia samaki mpaka mwenyeji anasahau alikuwa na nini cha kusema. "Sabina nimemwuliza. Amesema, 'Baba, hao wazee wa Chenge uwaambie wasijisumbue. Kama ni kuolewa, yuko mmoja anayejua kunyamaza.' Ndiye wewe?"

Nilikuwa na ufafanuzi, Shemeji. Ufafanuzi huo ndio huu uliomaliza kuusoma.

Nikasema: "Ndiyo, Mzee, ndiye mimi."

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko namba 1 hadi 6, pamoja na maombi (a) hadi (e). Badala yake omba ruhusa, uje mara tu baada ya Pasaka, utangulie mbele yangu Kiseke kama mkubwa wangu. Ukipita kwenye mitumba ya huko ununue sweta nene, zenye ukingo mzima. Nina Jumamosi nyingi za kujaza.

Baada ya hapo mzee alinikaribisha kiti, akanieleza historia ya pamba ya Usukuma tangu wakati wa Mjerumani hadi jua likakaribia kuzama. Alikosea mara nne, na kosa la tatu lilikuwa kubwa mno. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimeikalia mikono yangu.