Trauti Ataletwa Lini Shinyanga?

Samuye, Shinyanga
Septemba 1936

Bwana Mhariri,

Shikamoo. Kabla sijalalamika nina jambo la kuungama, ambalo sijamwambia mtu, hata padre. Mimi ndiye ninayewachagulia wazungu mito ya kuvulia samaki.

Nimemaliza shule mwaka huu na nina haya sana. Mgeni akija, naingia jikoni kuchochea moto hata kama hauwaki. Lakini mjomba wangu Mabula ni kiongozi wa safari za Bwana mmoja wa migodi ya dhahabu ya Geita, ambaye wapagazi humwita Bwana Manyoya. Bwana huyu havui kwa mgono wala wavu. Hufunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana ndogo yafanane na nzi, kisha huurusha uzi kwa fimbo ndefu, nyuma, mbele, nyuma, mbele, kama mtu anayefukuza nyuki. Anamtaka samaki mmoja tu, aitwaye trauti. Mjomba alimhakikishia kwamba huku wamejaa tele. Trauti asipoonekana mwezi huu, mjomba atafukuzwa kazi, naye ndiye anayetulisha tangu baba afariki. Basi akaniuliza mimi niliyesoma, twende mto gani? Nikamjibu huku nimeinamia chungu.

Kwa kuwa sijui ofisi inayosimamia trauti, naleta malalamiko kwako.

1. Kwanza nilichagua Mto Tungu. Kila mtu Usukumani anajua kwamba samaki huvuliwa maji yanapokwisha, nao Tungu ulikuwa umebaki mchanga na kidimbwi kimoja. Bwana alifika na viatu vya mpira vinavyomfika kiunoni, akasimama mchangani. Akina mama walikuwa wanachota kambale kwa vikapu. Trauti peke yake hakuhudhuria, wala hakutoa udhuru. Mpagazi mmoja akasema, “Mzee Mabula, mwite kwa Kizungu, labda Kisukuma hakisikii!” Mjomba wangu ni mtu mzima. Iliniuma.

2. Nikadhani labda trauti anapenda nyumba kubwa, nikachagua ziwa, upande wa Geita. Bwana akaingia majini. Akatokea mamba, akayatazama manyoya, akayadharau. Akamtazama Bwana, asimdharau. Mjomba alimvuta kwa mkanda. Je, trauti aliyesababisha yote haya alikuwa wapi?

3. Manyoya yanatoka kwenye mkia wa jogoo wa bibi yangu. Siku hizi jogoo anawika nyuma ya ghala kwa aibu, na kuku hawamtambui.

4. Sasa tunaambiwa trauti anataka maji ya baridi yanayokwenda mbio. Bwana Mhariri, huku maji ya baridi yako mtungini tu, na yanayokwenda mbio yako kichwani pa mwanamke anayewahi nyumbani. Huyu samaki halipi kodi ya kichwa, hapigi kwata, halimi pamba, lakini ana masharti kuliko mtawala.

Kwa hiyo naomba kwa heshima Serikali imlete trauti kwa gari moshi, daraja la tatu, kila mmoja na mtungi wake uliofunikwa kitambaa kibichi. Akifika stesheni ya Shinyanga apokewe, afundishwe kukaa bila maji kama samaki wenziwe, kisha apelekwe kwa mjomba haraka. Akikataa, afutwe katika idadi ya samaki, na manyoya ya jogoo yarudishwe.

Jumamosi hii ndiyo nafasi ya mwisho. Nimechagua Mto Isanga, mahali pakavu kuliko pote ninapopajua. Tuombee.

Nisalimie mkeo, watoto, wapiga chapa wote, na yule anayefungua barua. Bibi pia anakusalimu, ila hajui kwa nini.

Mimi mtiifu wako,
Melania Jilala

Nyongeza: Barua ilikuwa bado mezani mjomba aliporudi kutoka Isanga. Bwana hakukuta hata maji ya kunawa. Alikaa kwenye ukingo uliopasuka, akaanza kumfukuza mjomba kazi, na mara bibi kizee mmoja akapiga jembe kwenye tope lililokauka, akamvuta kamongo, yule samaki anayelala udongoni akingoja mvua, mzima, mnene kama mkono, ananguruma. Bwana akapiga ukelele, akatupa fimbo, akaomba jembe. Amechimba hadi jua kuzama na tope limemjaa nyweleni. Mjomba ameajiriwa kwa kudumu na ameagizwa kunoa majembe, maana safari ijayo Bwana anataka mto mkavu kuliko huo.

Basi tafadhali mzuie trauti. Kama amekwisha panda gari moshi, arudishwe Tabora. Akifika huku atataka maji, atuharibie mito.

Mjomba anawaambia watu kwamba Isanga aliichagua mwenyewe. Mwache. Nakuomba usimwambie mtu yeyote kwamba ni mimi. Kuchapa gazetini unaweza, kwa sababu hapa Samuye anayewasomea watu gazeti ni mimi, na ukurasa huu nitauruka.