Malalamiko Kuhusu Kaida, Dhima na Kiti Changu

Kwa Mwalimu wa Sosholojia, Mwaka wa Kwanza,
Chuo cha Watu Wazima.

Mwalimu mheshimiwa,

Natumaini waraka huu unakukuta mzima, na chaki mkononi. Mimi ni fundi cherehani, mume wa mwanafunzi wako yule anayefua shuka hospitalini. Aliponiambia anataka kusoma nilimjibu, "Soma, mke wangu, elimu haina mwisho." Sikujua kwamba mwanzo wake ungekuwa mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulianza kwa kumfundisha kaida, yaani yale ambayo watu huyafanya bila kuamriwa, kisha ukamtuma achunguze kaida moja ya nyumbani. Akachagua kuandika nani hukaa wa kwanza wakati wa kula. Milo kumi na minne, mara kumi na nne ni mimi. Nikamweleza kwamba hukaa kwa kuwa nimechoka. Akaniuliza kwa upole, "Na mimi husimama kwa kuwa nimepumzika?" Swali hilo bado nalifanyia kazi.

2. Siku ya nane nikaamua kumvuruga. Chakula kikaandaliwa, nikasimama. Naye akasimama, kalamu mkononi, akisubiri nikae. Tukatazamana mpaka mchuzi ukashika utando. Mama yangu mzazi, tunayeishi naye, akatoka chumbani akauliza nani amefariki. Alipoelezwa, akavuta kiti changu, akakaa, akasema, "Nimesubiri miaka arobaini mtu aliandike jambo hili." Tangu hapo kiti ni chake. Mimi nakalia kigoda.

3. Ukaja na dhima, yaani kazi ambazo jamii humtegemea kila mtu azifanye. Eti mume na mke hawazaliwi na dhima zao, huvishwa na jamii. Mwalimu, anayevisha watu mtaa huu ni mimi, na hakuna aliyewahi kuja kupimwa dhima. Lakini mama akadakia, "Kweli kabisa. Huyu hakuzaliwa hajui kuosha vyombo, nilimzoesha mwenyewe." Akamwomba mke wangu radhi, kisha akanikabidhi sufuria. Nimeambiwa huo ni ujamiishaji upya, yaani mtu mzima kufunzwa upya namna ya kuishi na watu. Kwangu mimi ni njama ya mama mkwe na mkamwana, watu ambao dunia nzima inajua hawaivi chungu kimoja.

4. Fundi viatu, jirani yangu wa kibandani, aliniona nikianika vyombo, akaacha kunisalimu. Mke wangu akanifariji kwamba hiyo ni adhabu isiyo rasmi: jamii humrudisha mstarini anayevunja kaida. Nikajipa moyo kwamba jamii itanirudisha upesi. Siku ya tatu fundi viatu akaja, akachungulia huku na huko, akaninong'oneza, "Ndugu yangu, habari zimemfikia mke wangu. Sufuria iliyoungua husuguliwa na nini?" Sasa waume tunaosugua sufuria mtaani tuko wanne, na fundi wa redio anauliza kama anaweza kujiunga.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, somo hili lifutwe. Likishindikana, mke wangu ahamishiwe hesabu, maana namba hazijawahi kumwinua mtu kitini. Hilo nalo likishindikana, nitamleta mama yangu darasani kwako, naye ana maswali.

Nisalimie mkuu wa chuo, walimu wenzako, mlinzi wa geti, na wote wa nyumbani kwako, hasa yule anayekaa wa mwisho.

Wako katika jamii,
Fundi Cherehani

Nyongeza: Tafadhali usilifute somo. Jana nilimwona mke wangu akila chakula kinatoa moshi, nikamuuliza mbona hakiachi kipoe. Akasema hajawahi kupenda chakula cha baridi. Tumeoana miaka kumi na tisa, Mwalimu, muda wote akila kilichopoa, na mimi nilidhani ndivyo anavyokipenda. Siku ya mtihani atakuja na gauni jipya la buluu, mishono yote ni ya mkono wangu. Muulize swali gumu. Somo analijua.